Jinsi ya kutafuta ufadhili wa chuo kikuu nchini Uganda na kuulinda ukishaupata

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwanafunzi anayesoma Kiswahili na anayeishi Uganda, awe Mganda wa Arua, Kasese au Busia, awe mkimbizi kutoka Kongo anayeishi Nakivale au Kyangwali, au awe mzazi anayetaka kujua afuatilie jambo gani na katika ofisi ipi. Msimamo wangu tangu mwanzo ni kwamba mwombaji mwenye alama nzuri hukosa ufadhili mara nyingi kwa sababu tangazo lilimkuta bila karatasi, na karatasi zenyewe huchukua muda mrefu kuliko dirisha la maombi linavyokaa wazi. Kwa hiyo hatua nyingi zilizoelezwa hapa ni za kufanywa kabla ya tangazo lolote kutoka.

Hatua ya kwanza: hesabu gharama yote ya muhula

Familia nyingi huulizana bei ya kozi na kuishia hapo. Barua ya udahili, hata hivyo, huwa na mafungu mawili: ada ya masomo yenyewe, na ada za huduma zinazojumuisha usajili, maktaba, mitihani, kitambulisho na chama cha wanafunzi. Nje ya barua hiyo kuna chumba, chakula, usafiri, bando la intaneti, kuchapisha kazi na, katika baadhi ya kozi, koti la maabara au vifaa vya kuchorea.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ada ya masomo ni shilingi 1,500,000 kwa muhula na ada za huduma ni 400,000. Chumba nje ya chuo ni 150,000 kwa mwezi, yaani 600,000 kwa miezi minne. Chakula kwa shilingi 6,000 kwa siku, kwa siku 120, ni 720,000, na kiasi hicho ni cha mtu anayejipikia, kwa sababu anayekula rolex (chapati ya mayai) asubuhi na wali wa kibandani jioni atakipita. Tukiongeza 200,000 za usafiri, bando na kuchapisha, jumla inafika 3,420,000. Mfadhili anayelipa ada zote mbili atakuwa ametoa 1,900,000, na zinazobaki, 1,520,000, ni za mwanafunzi na familia yake. Andika hesabu ya namna hii kwa bei halisi za chuo chako na mji wako, kwa sababu Kampala si Soroti, na uiweke karibu: utaihitaji katika fomu, katika usaili na katika kikao cha ndugu.

Hatua ya pili: tambua mlango unaokuhusu

Mlango wa kwanza kwa raia wa Uganda ni nafasi za serikali katika vyuo vikuu vya umma. Kwa muda mrefu idadi yake imekuwa 4,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, 3,000 hutolewa kwa ushindani wa alama za kitaifa, 896 kwa mgawo wa wilaya, 64 kwa wanafunzi wenye ulemavu na 40 kwa wanamichezo wenye vipaji. Tangu mwaka 2005 serikali imeelekeza sehemu kubwa ya nafasi za kitaifa kwenye kozi za sayansi, na ndiyo sababu mwanafunzi wa historia mwenye alama za juu anaweza kukosa nafasi huku mwenzake wa fizikia mwenye alama za wastani akiipata.

Mgawo wa wilaya unastahili kuangaliwa kwa makini na watu wa pembezoni. Mwanafunzi hushindanishwa na wenzake wa wilaya yake, si na nchi nzima, na kamati ya wilaya huhakiki kwamba kweli ni wa huko. Aliyezaliwa Bundibugyo akasomea Kampala ajiandae kuulizwa kuhusu kijiji, parokia ya kiserikali na gombolola anayotoka, na majibu yake yalingane na yaliyoandikwa kwenye kitambulisho chake cha taifa. Maombi ya nafasi za serikali yamekuwa yakipitia bodi ya pamoja ya udahili wa vyuo vya umma, PUJAB. Mwulize mwalimu wa taaluma ukiwa bado kidato cha sita. Usingoje UNEB, baraza la mitihani la taifa, itoe matokeo ndipo uanze kuuliza.

Mlango wa pili ni mkopo wa serikali, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014 iliyounda Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo wengi huiita HESFB. Mpango huu, ulio chini ya Wizara ya Elimu na Michezo, ni wa Waganda waliodahiliwa katika vyuo vinavyotambuliwa na katika kozi zilizotajwa kwenye orodha ya mwaka husika, nyingi zikiwa za sayansi na teknolojia. Unalipa ada ya masomo, ada za huduma, ada ya utafiti, na vifaa saidizi kwa wanafunzi wenye ulemavu. Fedha huenda moja kwa moja chuoni. Chumba na chakula haviguswi, na hapo ndipo hesabu ya hatua ya kwanza inapoanza kuwa na maana. Mkopaji hupewa mwaka mmoja wa kupumua baada ya kumaliza masomo, kisha anaanza kulipa kwa kipindi kisichozidi mara mbili ya muda aliosoma: kozi ya miaka mitatu italipwa kwa miaka isiyozidi sita. Nawasikia wazazi wanaouogopa mkopo kana kwamba ni wa riba ya mtaani. Hofu hiyo ina sababu zake, lakini mkopo unaosubiri mtu amalize kusoma ndipo umdai ni nafuu kuliko kuuza shamba ambalo familia nzima inalitegemea.

Mkimbizi hawezi kuomba mkopo huo, na asipoteze muda nao. Mlango wake mkuu ni DAFI, mpango wa ufadhili unaosimamiwa na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, tangu mwaka 1992 kwa msaada wa serikali ya Ujerumani na wafadhili wengine. Nchini Uganda utekelezaji wake umekuwa ukipitia shirika la Windle International Uganda, na matangazo hubandikwa kwenye ofisi za makazi ya wakimbizi. DAFI hulipa ada na pia hutoa posho ya kujikimu, jambo linaloufanya uwe wa thamani kuliko fadhili nyingi za ada peke yake. Tangazo lake huweka ukomo wa umri na halimruhusu anayepokea ufadhili mwingine. Ushindani ni mkali: Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na nafasi ni chache mno kwa idadi hiyo.

Mkimbizi, na vilevile Mkenya, Mtanzania au Mkongo asiye mkimbizi, akiulize chuo kwa maandishi kama atatozwa ada ya wenyeji au ya wageni. Vyuo havifanani katika hili, na tofauti ya ada hizo mbili inaweza kuwa kubwa kuliko msaada wote ambao angeupata kwingine. Jibu liwe la maandishi, kwa sababu karani aliyekuahidi dirishani leo huenda asiwepo muhula ujao.

Milango mingine nitaipitia kwa haraka. Mpango wa Mastercard Foundation katika Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2013, hulenga vijana wenye uwezo wa darasani na uhaba wa fedha, na hutoa kipaumbele kwa wasichana, wakimbizi na watu wenye ulemavu. Muljibhai Madhvani Foundation hutangaza ufadhili kwa Waganda wanaosoma nchini. Ufalme wa Buganda una Kabaka Education Fund. Wizara ya Elimu hutangaza nafasi za kusoma nje zinazotolewa na nchi rafiki kama Algeria na China. Katika hizi soma kwa makini nani analipa tiketi ya ndege na nani anatoa fedha za matumizi. Vyuo binafsi huwa na punguzo la ada ambalo halitangazwi sana, hasa kwa wanamichezo, na Ndejje ni mfano unaojulikana. Nenda kwa mkuu wa wanafunzi wa chuo chako uulize swali moja: chuo hiki kina misaada gani ya kwake chenyewe, na fomu hupatikana wapi?

Hatua ya tatu: kusanya karatasi kabla hazijaulizwa

Anza na majina. Jina lililo kwenye cheti cha UCE (cha kidato cha nne), cheti cha UACE (cha kidato cha sita), kitambulisho cha taifa na barua ya udahili liwe lilelile, kwa herufi zilezile na mpangilio uleule. Mwanafunzi anayeitwa Mohamed katika cheti kimoja na Muhammad katika kingine ataonekana kwa mhakiki kuwa watu wawili. Dosari ndogo hurekebishwa kwa kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Kosa la kitambulisho hupelekwa NIRA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, na huko foleni haimjali mtu mwenye haraka.

Kisha andaa bahasha yenye nakala zilizothibitishwa za vyeti, picha ndogo, barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), na ushahidi wa hali ya familia. Ushahidi huo ni cheti cha kifo kama mzazi amefariki, barua ya daktari kama mlezi ni mgonjwa wa muda mrefu, na stakabadhi za ada ulizolipa sekondari. Stakabadhi hizo watu huzitupa, ilhali mfadhili anayepima uwezo wa familia huuliza ulisoma shule gani na nani alilipa. Kama ulisoma shule ya gharama kwa sababu shangazi au kanisa lilikulipia, omba barua kutoka kwa aliyelipa. Bila barua hiyo, jina la shule litasema kwamba kwenu mnazo.

Kwa mkopo wa serikali utahitaji pia wadhamini wenye vitambulisho. Zungumza nao mapema na kwa adabu, uwaeleze kwamba wanaweka jina lao kwenye deni, si kwenye barua ya sifa. Mjomba aliyetia saini bila kuelewa ndiye atakayekataa kupokea simu atakapopigiwa ahakikiwe.

Mkimbizi aongeze kitambulisho cha mkimbizi na cheti cha familia kinachotolewa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, akihakikisha kwamba muda wake haujapita. Aliyemaliza sekondari nje ya Uganda ana kazi nyingine kubwa zaidi, nayo ni ulinganishaji wa vyeti. Diplôme d'État ya Kongo, au cheti cha Kenya, Burundi au Sudan Kusini, hupelekwa UNEB ili kilinganishwe na UCE au UACE. Vyeti vya stashahada na shahada hupelekwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Cheti cha Kifaransa kinahitaji tafsiri rasmi ya Kiingereza kabla ya hapo. Mlolongo huu wa tafsiri, ada, safari ya Kampala na kusubiri hauwezi kukamilika ndani ya majuma machache ambayo dirisha la ufadhili huwa wazi. Anayefikiria kuomba mwaka ujao auanze sasa, hata kama bado hajui ataomba wapi.

Neno moja kuhusu njia ya mkato. Watu wa Kampala wanajua Nasser Road, mtaa wa wachapishaji, inasemwaje linapokuja suala la vyeti na mihuri. Cheti cha kughushi hakiishii kukunyima ufadhili. UNEB na vyuo huhakiki, na anayegunduliwa akiwa mwaka wa tatu hupoteza miaka yote mitatu.

Hatua ya nne: andika maombi yanayoonekana

Barua na insha nyingi za maombi zinafanana kwa sababu zote zinasema mwombaji anatoka katika familia maskini, anapenda elimu na ana ndoto ya kuitumikia jamii. Msomaji wa fomu amekwisha kusoma maneno hayo tangu asubuhi. Umaskini unaoelezwa kwa jumla hauna uzito. Unaoelezwa kwa kazi, kiasi na watu unapimika. Andika, kwa mfano, kwamba mama anauza dagaa katika soko la Panyimur, kwamba faida ya mwezi mzuri ni kiasi fulani, kwamba watoto wanne bado wako shule, na kwamba ada ya muhula mmoja ni sawa na faida ya miezi kadhaa. Weka takwimu zako za kweli, kwa sababu unaweza kuulizwa tena hizohizo katika usaili au na mtu atakayefika nyumbani.

Ukieleza kozi, eleza umefanya nini kuihusu, hata kama ni kidogo: umefundisha watoto hisabati kambini, umesaidia kliniki kutafsiri Kiswahili kwa wagonjwa, umetunza hesabu za kikundi cha akiba. Maombi mengi yataandikwa kwa Kiingereza. Panga hoja zako kwanza kwa lugha unayofikiria nayo vizuri, kisha uandike Kiingereza chepesi na umpe mwalimu akisome. Kununua insha kwenye duka la kuchapisha la Wandegeya ni kununua insha ambayo wenzako kadhaa wameshaituma.

Hatua ya tano: tuma, hifadhi, jiandae kwa usaili

Tuma siku kadhaa kabla ya mwisho, kwa sababu mitandao ya maombi huzidiwa siku ya mwisho, na umeme wa Uganda hausubiri mtu amalize kupakia hati. Tumia namba ya simu na barua pepe zilizo zako mwenyewe. Anayetumia simu ya kaka atapata taarifa ya usaili kaka atakapokumbuka. Hifadhi picha ya ukurasa wa uthibitisho na namba ya maombi.

Katika usaili utaulizwa mambo matatu kwa namna mbalimbali: hali ya nyumbani, sababu ya kozi, na utakavyoishi kwa gharama zisizolipwa. Swali la tatu huwaangusha wengi. Mwenye karatasi ya hesabu atajibu kwamba chumba kitalipwa na fulani na chakula kitatoka kwa fulani, na mfadhili ataona kwamba fedha zake hazitaishia kwa mwanafunzi atakayeacha masomo kwa njaa.

Matapeli huja msimu huu. Wapo watakaokuambia wana mtu ndani, wataomba fedha ya kuharakisha faili, na watataka itumwe kwa namba binafsi ya simu. Fomu ikiwa na ada halali, ada hiyo itakuwa imeandikwa kwenye tangazo rasmi na italipwa kwa akaunti ya taasisi yenye stakabadhi. Ahadi yoyote nje ya hapo ikatae, hata ikija kwa jina la mheshimiwa.

Hatua ya sita: jaza pengo

Rudi kwenye zile shilingi 1,520,000 za mfano wetu. Ndugu wakiombwa mchango wa masomo kwa jumla, kila mmoja humtazama mwenzake. Wakigawiwa vitu, mambo hubadilika: baba mdogo anachukua chumba, shangazi anatoa mchele na maharagwe mwanzo wa muhula, msikiti au kanisa linalipa ada ya mitihani. Mzazi aliye mwanachama wa SACCO aulize mkopo wa ada kabla ya msimu wa udahili, kwa kuwa wanachama wengine nao watauomba wakati huohuo.

Mchango wa fedha ulipwe moja kwa moja kwa namba ya malipo ya chuo kila inapowezekana. Vyuo vya umma hutumia PRN, yaani namba ya kumbukumbu ya malipo, inayolipika benki au kwa simu. Fedha iliyotumwa kwa mwanafunzi ili aitoe kwa wakala hukatwa ada ya kutoa pamoja na kodi ya asilimia 0.5, kisha hupita katika mikono yenye majaribu. Mtoaji naye hufurahi zaidi akiona stakabadhi yenye jina la chuo.

Pengo likishindikana kabisa, ombeni kuahirisha udahili kwa barua rasmi kwa msajili mkuu wa taaluma, na mpate jibu. Kutoweka kimya huhesabiwa kuwa umeacha. Njia nyingine isiyo ya aibu hata kidogo ni kusoma stashahada ya gharama ndogo karibu na nyumbani, ufanye kazi, kisha uingie shahada kwa cheti hicho.

Hatua ya saba: usiupoteze

Ufadhili ukitoka, soma mkataba wote kabla ya saini, hasa kiwango cha alama kinachotakiwa, kinacholipwa ukirudia somo, na kinachotokea ukibadili kozi. Wafadhili wengi hulipa muda wa kawaida wa kozi tu, na anayehama kozi bila kuwaarifu hujikuta analipa mwenyewe. Jisajili kila muhula ndani ya muda, kwa sababu malipo huambatana na orodha ya waliosajiliwa. Majuma ya kwanza ingia kwenye mfumo wa chuo uangalie kama fedha imeonekana kwenye akaunti yako; isipoonekana, omba barua ya mfadhili inayothibitisha kwamba atalipa na uipeleke ofisi ya fedha mapema, kabla majina ya wanaozuiwa kuingia mtihani hayajabandikwa.

Ukipatwa na ugonjwa, ujauzito au msiba unaokuondoa darasani, mjulishe mfadhili na chuo kwa maandishi wiki hiyohiyo. Mara nyingi wote wawili wana taratibu za kusimamisha masomo bila kufuta ufadhili, lakini taratibu hizo hazifanyi kazi kwa kurudi nyuma.

Kwa waliokopa, omba taarifa ya deni kila mwaka ukiwa bado chuoni na uilinganishe na stakabadhi za chuo, ili kosa lolote lirekebishwe wakati ofisi zote mbili bado zinakufahamu. Ukimaliza, acha anwani na namba ya simu inayopatikana, ujulishe ukipata ajira, na ukimaliza kulipa udai barua ya kufungwa kwa deni, uwape wadhamini wako nakala.